KINANDA KIPYA KIMETOKA, CHETU TUKIFANYEJE?

Akina mama wanaotunza mfuko wa kwaya wanalijua jambo hili. Mmechanga kwa muda mrefu, mmeuza vitumbua na batiki, hatimaye kinanda kimenunuliwa. Haujapita mwaka, duka lile lile linaweka mbele toleo jipya, na mpiga kinanda wenu anaanza kukiita cha kwenu "kile cha zamani". Kukasirika ni haki. Lakini, dada msomaji, tutazame kwanza ni nini hasa kilichopotea.

Sauti haikupotea. Kinanda kilichoongoza nyimbo vizuri Jumapili iliyopita hakiugui kwa sababu kiwandani kimezaliwa kingine. Kilichoshuka ni bei yake mkikiuza, na anayeumia zaidi ni yule aliyenunua siku chache kabla ya kipya kutoka. Tazama vinanda vikubwa vya Yamaha: Tyros ilitoka mwaka 2002, ya pili 2005, ya tatu 2008, ya nne 2010, ya tano 2013. Ikafuata Genos mwaka 2017, na Genos2 mwaka 2023. Mara nyingine wanunuzi walikaa miaka sita, mara nyingine miwili tu. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, ulizeni: toleo hili lilitoka mwaka gani? Kama lina miaka mitatu au zaidi, ombeni bei ipunguzwe.

Hasara nyingine ni ya vitu vilivyohifadhiwa ndani. Mpiga kinanda hutumia miezi kupanga midundo na sauti za kila wimbo, na kinanda kipya si lazima kikubali kusoma kazi hiyo yote. Sisi wauguzi tunalijua hili kwa mashine za kupimia sukari: ukibadilisha mashine, stripu zilizobaki kabatini hazifai tena. Vinanda vingi vya miaka ya 1990 vilitunza nyimbo kwenye disketi, na Sony waliacha kuuza disketi Japani mwaka 2011. Wenye disketi wazihamishie kwenye kompyuta sasa, zingali zinasomeka.

Hata hivyo tuwe wa haki kwa watengenezaji. Mwaka 1983 kampuni zilizoshindana zilianza kutumia njia moja ya kuunganisha vyombo, iitwayo MIDI. Kinanda cha mwaka ule chenye tundu hilo bado kinaweza kuunganishwa na kompyuta ya leo. Ni vyombo vichache vya nyumbani vyenye sifa hiyo!

Katika usharika mmoja ninaosaidia, vijana walitaka kinanda kibadilishwe. Muuzaji alitoa bei isiyofika nusu ya ile tuliyolipa. Mama mtunza hazina, ambaye hapendi maneno mengi, akamwomba mpiga kinanda ataje mambo matatu ambayo kipya kitafanya na kwaya inayahitaji. Mawili yalikuwa midundo ya dansi. La tatu lilikuwa nafasi zaidi ya kuhifadhi nyimbo, na hilo lilimalizwa kwa kununua flashi. Kijana alinuna, hakuja mazoezi Jumamosi mbili. Nilimwonea huruma, maana kipaji chake ni kikubwa, lakini fedha zile zilikuwa zimetengwa kwa paa.

Mkiamua kubaki na chenu, kifunikeni kwa kitambaa kwa ajili ya vumbi, na tumieni stabilaiza umeme unapochezacheza. Vinanda vingi vya zamani vina betri ndogo ndani inayotunza kumbukumbu. Fundi asiitoe kabla kazi yenu haijanakiliwa mahali pengine.

Na mkinunua kipya, ombeni muuzaji aandike kwenye risiti kwamba toleo jingine likitoka ndani ya miezi mitatu, atawabadilishia kwa kuongeza tofauti ya bei. Wengine watacheka. Ulizeni duka la pili.