Boti ni Yetu, Hela ni za Nani?

Ndugu wasomaji, sisi wa Mbulu na Hanang hatuna bahari. Kutoka Katesh mpaka pwani ni safari ya kutwa nzima kwa basi. Basi mtauliza: mbona leo tunaandika habari za boti za watalii?

Sababu ni mbili. Kwanza, maziwa tunayo. Ziwa Basotu, wilayani Hanang, lina viboko na ndege wengi. Jirani zetu wa Babati nao wana ziwa lenye viboko, na wavuvi wa huko wamekuwa wakiwapeleka wageni kwa mitumbwi kuwatazama. Pili, shida ya mwenye boti ni ile ile ya mkulima wa vitunguu swaumu wa Mbulu. Mali ni yake, jasho ni lake, lakini bei anapanga mwingine.

Tutazame kijiji kimoja cha pwani, tuone walifanya nini na tunaweza kujifunza nini.

Wavuvi wa Kizimkazi

Kizimkazi ni kijiji cha wavuvi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Wengi wetu tumelisikia jina hilo redioni, kwa sababu ni nyumbani kwa Rais Samia Suluhu Hassan. Katika bahari ya hapo wanaishi pomboo. Ukimwona pomboo utadhani ni samaki, lakini siyo samaki. Anapumua hewa kama sisi. Anazaa mtoto mmoja kwa wakati, na humnyonyesha kwa zaidi ya mwaka.

Zamani wavuvi waliwawinda pomboo. Nyama yake ilikuwa chambo cha kunasia papa. Katika miaka ya 1990 wageni walianza kufika Kizimkazi kuwatazama. Wavuvi wakapiga hesabu. Pomboo aliyekufa analeta hela mara moja tu. Pomboo aliye hai analeta hela leo, kesho na keshokutwa. Uwindaji ukaachwa. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai, ambayo Kizimkazi imo ndani yake, ikawa eneo la hifadhi.

Angalieni jambo hili vizuri. Wavuvi hawa hawakungoja tajiri alete meli. Walitumia boti zao za mbao zenye mashine nyuma. Walitumia pia elimu waliyokuwa nayo. Mvuvi anajua upepo wa kaskazi na wa kusi, anajua mwamba uko wapi, anajua pomboo hupita wapi asubuhi. Elimu hiyo ni mtaji, ingawa haipimwi kwa shilingi.

Hesabu ya safari moja

Sasa tuje kwenye hela. Mara nyingi mgeni hakutani na mwenye boti kwanza. Anakutana na wakala mjini au hotelini. Huko ndiko anakolipa.

Tuchukue mfano. Hesabu hii ni ya kujifunzia tu, siyo bei ya Kizimkazi.

Wageni 6 wanamlipa wakala Sh. 50,000 kila mmoja. Jumla ni Sh. 300,000. Wakala anampa mwenye boti Sh. 90,000. Mwenye boti anatumia hivi:

Petroli: Sh. 35,000
Nahodha na msaidizi wake: Sh. 25,000
Ushuru: Sh. 5,000
Akiba ya kutengeneza mashine: Sh. 10,000
Jumla: Sh. 75,000

Kinachobaki ni Sh. 15,000. Mwenye boti asiyeandika hesabu ataona ana Sh. 90,000 mfukoni, atafurahi. Siku mashine ikiharibika ndipo atakapojua kwamba alikuwa anakula mtaji wake.

Tusimwonee wakala. Naye ana gharama zake: gari, chakula cha wageni, matangazo. Lakini kama wenye boti wangekuwa na umoja wao, na ofisi yao pale ufukweni, wangeweza kumtoza mgeni anayekuja mwenyewe Sh. 30,000. Wageni 6 ni Sh. 180,000. Ukitoa gharama zile zile Sh. 75,000, zinabaki Sh. 105,000. Hata wakitoa sehemu kwa ajili ya ofisi na zahanati ya kijiji, bado ni afadhali kuliko Sh. 15,000.

Hapo ndipo kalamu inapofanya kazi. Aliyehitimu kisomo anaweza kuandika daftari la zamu: boti ya nani itoke leo, ya nani itoke kesho. Anaweza kusoma mkataba kabla ya kuweka sahihi. Asiyesoma atatia dole gumba tu.

Kukimbizana kunaua kazi

Mwenye boti akipata faida ndogo, anataka safari nyingi. Boti zinakuwa nyingi asubuhi moja. Kila nahodha anataka wageni wake wamwone pomboo karibu, labda watampa bakshishi. Basi boti zinamzunguka pomboo, zinamkata njia.

Watafiti waliowachunguza pomboo wa Kizimkazi waliona kwamba mbele ya boti za watalii pomboo hupumzika kidogo na kula kidogo, na muda mwingi wanakwenda tu. Sisi wafugaji tunalielewa jambo hili. Ng'ombe wa maziwa ukimkimbiza tangu asubuhi, jioni utakamua nini? Na pomboo hana kamba. Akichoka anahama, na kazi inahama naye.

Kwa hiyo kanuni ni za kumlinda mnyama na mwenye boti pamoja. Boti chache kwa wakati mmoja. Mwendo wa polepole. Kutomfuata mama mwenye mtoto. Lakini kanuni hizi hazishikiki kama kila mtu yuko peke yake. Ukingoja wewe, mwenzako atapita. Umoja ndio unaofanya wote wangoje.

Sisi na maziwa yetu

Anayetaka kuanza kazi hii Basotu au mahali pengine ajue kwamba kiboko siyo pomboo. Kiboko anaua watu. Akishtuka nchi kavu hukimbilia maji ya kina, kwa hiyo usikae kati yake na maji hayo. Usimsogelee mwenye mtoto. Mtumbwi mwembamba hupinduka upesi, na wengi wetu wa huku juu hatujui kuogelea. Kila mgeni na kila mpiga kasia avae koti la kuokolea maisha, tangu kupanda mpaka kushuka.

Kabla ya kuchukua hela ya mtu, nendeni serikali ya kijiji. Muoneni pia ofisa wanyamapori na ofisa uvuvi wa wilaya. Vyombo vya majini, Tanzania Bara, hukaguliwa na Shirika la Uwakala wa Meli, yaani TASAC.

Pia msiache jembe. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, wageni walikatika. Mvuvi aliyekuwa ameuza nyavu zake angekula nini? Kazi ya wageni iwe nyongeza ya shamba, isiwe badala yake.

Ndugu wasomaji, kumiliki boti ni mwanzo tu. Boti huwa ya wanakijiji kweli kweli pale wanapojua hesabu yake, wanapokubaliana bei, na wanapomtunza mnyama anayewaletea wageni.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Katika mfano wetu, wageni wakiwa 4 badala ya 6 na kila mmoja akilipa umoja Sh. 30,000, baada ya gharama zile zile Sh. 75,000 zitabaki shilingi ngapi?
2. Je, vitunguu swaumu vyetu navyo vina wakala? Anachukua kiasi gani, na ana gharama gani?
3. Kijijini kwenu kuna kitu gani ambacho mgeni angependa kukiona, na nani angekilinda?