Wa kwanza kwao, wa hamsini na mbili bwenini

Ifikapo Juni, ripoti za kwanza za Kidato cha Kwanza huanza kufika nyumbani, na si kila nyumba inazipokea kwa furaha. Mtoto aliyeongoza darasa miaka yote ya msingi, aliyeitwa mbele siku ya mahafali apokee zawadi ya madaftari, sasa ameandikiwa nafasi ya 52 kati ya 80. Mzazi anasoma mara mbili. Baba anasema mtoto kaharibiwa na marafiki wa bwenini. Mama anauliza kama anakula vizuri. Hakuna anayeuliza hao 51 waliomtangulia ni akina nani.

Tanzania ina shule chache za serikali zinazopokea watoto wenye ufaulu wa juu kabisa wa darasa la saba: Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora ya wavulana, na kwa wasichana Kilakala, Msalato na Tabora ya wasichana. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi una masomo sita yenye alama 50 kila moja, na wanaochaguliwa kwenda huko hawaachi alama nyingi mezani. Darasa zima, basi, limejaa watoto waliozoea kuwa wa kwanza. Ukiwakusanya 80 wa namna hiyo, 79 lazima wapoteze nafasi hiyo, hata kama kila mmoja wao anajua mengi kuliko alivyojua Desemba.

Wanasaikolojia Herbert Marsh na John Parker waliandika kuhusu jambo hili mwaka 1984, wakatumia mfano wa samaki: yule anayeonekana mkubwa katika dimbwi dogo hujiona mdogo akihamishiwa ziwani, ingawa urefu wake haujapungua. Mwaka 2003 Marsh na Kit-Tai Hau walichapisha uchambuzi wa wanafunzi zaidi ya 100,000 wa umri wa miaka 15 kutoka nchi 26, na mwelekeo ukawa uleule. Wanafunzi wawili wakiwa na uwezo sawa, aliye katika shule ya wateule hujiona dhaifu zaidi kimasomo kuliko mwenzake wa shule ya kawaida. Mtoto hujipima kwa anayekaa naye dawati moja. Hajui wenzake wa wilayani wanapata nini, na hata angejua, si hao anaowaona kila asubuhi.

Kwetu kuna jambo la pili ambalo tafiti hizo hazikulihesabu, nalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Mtoto aliyetoka Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, amesoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote. Usanisinuru anaujua: mwanga, maji, hewa ya ukaa, kijanikibichi. Januari anaulizwa mambo hayohayo kwa Kiingereza, tena kwa kueleza na si kuchagua herufi. Kozi ya awali ya lugha ni ya wiki chache tu. Jirani yake aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza anaandika ukurasa mzima. Yeye anaandika mistari mitatu, na mwalimu anasahihisha alichokiona. Ripoti ikifika nyumbani inasema Biolojia 41. Haisemi kwamba sehemu kubwa ya alama zilizokosekana ni za Kiingereza.

Njuka, kama wanavyoitwa wageni wa Kidato cha Kwanza, hujibu haya yote kwa silaha pekee anayoijua: kupiga msuli. Anayasoma madaftari mara nne, mara tano, anakesha na tochi chini ya blanketi. Njia hiyo ilimfaa darasa la saba, ambako maswali mengi yalikuwa ya kuchagua jibu. Sasa inamdanganya. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Baadhi walirudia kukisoma, wengine walikifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, walikumbuka asilimia 42, na wale waliojipima asilimia 56. Anayerudia daftari hulizoea, akadhani amelijua.

Usingizi nao. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku. Prepo, yaani masomo ya usiku, ikiisha saa nne na kengele ikilia saa kumi na moja alfajiri, saa saba hazitimii hata kwa asiyekesha. Hapo mtoto hana kosa. Ratiba ndiyo ya kuulizwa.

Wazazi hunijibu kwamba mateso haya yana malipo, kwa kuwa shule kubwa hutoa matokeo makubwa. Mwaka 2014 Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha utafiti juu ya shule za kitaifa za Kenya. Waliwalinganisha wanafunzi walioingia kwa tofauti ya alama chache na waliozikosa kwa alama chache, kisha wakatazama matokeo yao ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Hawakuona ushahidi wa maana kwamba shule ya kitaifa ilikuwa imewaongezea alama. Kwa kiasi kikubwa, matokeo yale ya kung'ara yaliingia getini pamoja na watoto wenyewe. Sisemi umwondoe mwanao Mzumbe. Nasema jina la shule halitamfanyia kazi, na yule aliyekosa nafasi hajapoteza maisha.

Siku ya kumtembelea, chukua ripoti pamoja na karatasi za majaribio ya Machi. Linganisha alama kwa alama, somo kwa somo, ukiacha safu ya nafasi. Aliyetoka 28 hadi 41 katika Biolojia amepanda, hata kama nafasi imebaki pale pale. Mwombe akueleze swali moja alilokosa, kwanza kwa Kiswahili. Akilieleza vizuri, tatizo mmeliona: ni lugha. Ila akiwa hali, halali, au kila wiki anaumwa tumbo lisilo na ugonjwa, ziacheni alama kwanza, mkamwone mwalimu wa ushauri na unasihi.

Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe liliacha mwaka 2023 kutangaza shule bora na wanafunzi kumi bora. Na katika upimaji wa Kidato cha Pili unaowangoja watoto hawa, A inaanzia alama 75: wakiifikia wote 80, wote wanapewa A.