Chumvi, Maji na Maneno: Juma Moja la Biolojia na Kiingereza

Mtoto anayesoma katika shule ya msingi ya serikali Tanzania Bara kwa kawaida hujifunza sayansi kwa Kiswahili. Afikapo sekondari, mwili ule ule wa binadamu na magonjwa yale yale huelezwa kwa Kiingereza. Badiliko hilo hujadiliwa mara nyingi kama suala la elimu. Wahudumu wa afya wana sababu ya kulitazama pia kama suala la tiba, kwa kuwa katika nyumba nyingi mwanafunzi ndiye anayeombwa kusoma maandishi ya pakiti ya dawa.

Juma moja katika darasa la Kidato cha Pili, katika shule moja ya kata, linaonyesha jambo hilo waziwazi. Mada ya Biolojia ni usafirishaji wa vitu katika viumbe hai, na kiini chake ni osmosisi: maji kupita kwenye utando mwembamba wa seli, kutoka upande wenye chumvi au sukari kidogo kwenda upande wenye chumvi au sukari nyingi. Mwalimu wa Biolojia na mwalimu wa Kiingereza wamekubaliana kuifundisha kwa pamoja.

Jumatatu, kipindi cha Kiingereza kinaanza na maneno matatu ambayo kila mwanafunzi anadhani anayajua. "Solution" kwao ni ufumbuzi wa tatizo. Maabara ni mmumunyo. "Concentration" wameisikia kila walipoambiwa watulie na kuzingatia somo. Katika sayansi ni ukolezi, yaani wingi wa chumvi au sukari katika kiasi fulani cha maji. "Stool" wanaifahamu kuwa ni kigoda. Hospitalini ni choo kikubwa. Darasa linacheka kwa kumfikiria mgonjwa anayepeleka kigoda maabara. Hata hivyo, kicheko hicho kina funzo: neno lililozoeleka huweza kupotosha kuliko neno geni, maana msomaji haoni haja ya kuuliza.

Jumanne, vipande viwili vya kiazi mviringo vinalowekwa, kimoja katika maji matupu, kingine katika maji yenye chumvi nyingi. Jumatano asubuhi, cha kwanza kimekuwa kigumu. Cha pili kimelegea hadi kinapindika bila kuvunjika. Wanafunzi wanaandika sababu kwa Kiingereza, na karibu wote wanapata, kwa kuwa fasili imo kitabuni. Kisha mwalimu anawaomba waeleze jambo hilo hilo kwa Kiswahili, kana kwamba wanazungumza na bibi nyumbani. Darasa linanyamaza. Hatimaye msichana mmoja anasema, "Chumvi imevuta maji kutoka kwenye kiazi." Sentensi yake ni fupi kuliko fasili ya kitabu, lakini ndiyo inayothibitisha kwamba ameelewa.

Alhamisi mwalimu analeta pakiti ya ORS, dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini kwa mtu anayeharisha. Mvulana mmoja anauliza: ikiwa chumvi huvuta maji kutoka kwenye kiazi, kwa nini mtoto anayepoteza maji apewe maji ya chumvi? Jibu limo katika kipimo, na katika sukari. Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba ukuta wa utumbo mdogo hupokea sodiamu na glukosi kwa pamoja, mithili ya watu wawili wanaopita mlango mmoja wakiwa wameshikana mikono. Vinapoingia, maji hufuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata mtu anapougua kipindupindu.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alitumia njia hiyo huko Bongaon, India, katika kambi ya wakimbizi iliyovamiwa na kipindupindu. Dripu zilipopungua, wagonjwa walipewa maji ya chumvi na sukari ya kunywa, mara nyingi wakinyweshwa na ndugu zao wenyewe. Vifo vilishuka kutoka takribani asilimia 30 ya wagonjwa hadi chini ya asilimia 4. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza pakiti yenye chumvi na sukari pungufu kuliko ya awali, kwa kuwa mmumunyo mwepesi zaidi hupunguza wingi wa choo na kutapika.

Ijumaa wanafunzi wanaeleza jinsi pakiti inavyochanganywa majumbani kwao. Wengine wanatumia lita moja ya maji, wengine chupa ya nusu lita, na wengine humimina unga kidogo kidogo kikombeni kwa kukadiria. Sasa kiazi kinawapa jibu. Mmumunyo mkali huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza utumboni. Kuharisha huzidi, na chumvi katika damu huweza kupanda hadi kumletea mtoto degedege. Aliyejua sababu hiyo hachukulii tena lita moja kuwa ni pendekezo tu.

Kilichotokea darasani hutokea pia katika chumba cha daktari. Mgonjwa huulizwa, "Umeelewa?" naye huitikia, "Ndiyo, daktari," kama mwanafunzi aliyekariri fasili. Huambiwa kipimo chake ni "positive", neno ambalo shuleni humaanisha jambo jema. Mhudumu makini hufuata njia ya yule mwalimu: "Mama, ukifika nyumbani utaichanganyaje dawa hii?" Jibu la swali hilo huonyesha kosa mapema, kabla halijamfikia mtoto.

Kwa mlezi wa mtoto anayeharisha, maelezo yanayopaswa kurudiwa hadi yaeleweke ni haya. Pakiti moja nzima ya ORS ya lita moja huchanganywa katika lita moja ya maji safi na salama, na kinachobaki baada ya saa 24 humwagwa. Kila baada ya choo cha majimaji, mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100, na mwenye miaka miwili au zaidi mililita 100 hadi 200, kidogo kidogo. Kunyonya na kula kuendelee, na vidonge vya zinki vitolewe kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu alivyoelekeza. Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye macho yaliyodidimia au damu katika choo, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.