Mbolea ya Majani ya Ng'ombe

Wako ndugu zetu, wafugaji wa zizini huko Kilimanjaro na Tanga, wasemao ya kwamba mbolea ni mbolea, na mfuko ulio rahisi ndio wa kununua. Sisi hatukubali. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Mfuko kama huo wa S.A. una kilo 10 na nusu tu, pamoja na salfa. Tena S.A. ikitiwa mwaka baada ya mwaka huitia ardhi uchachu. Na urea iliyoachwa juu ya udongo wenye joto hupaa hewani, fedha ya mtu ikapotea ng'ombe asionje kitu.

Naitrojeni huyastawisha mabingobingo na kuyatia protini. Lakini ikizidishwa, kisha ukame ukaingia, majani hujaa naitreti, ambayo huizuia damu kuchukua hewa, na ng'ombe aweza kufa siku hiyo hiyo.

Lililo kubwa kwetu ni potashi. Kila mzigo wa majani ukatwao huiondoa shambani, na mifuko ile miwili haina hata chembe. Iko zizini, na nyingi imo katika mkojo, ambao wengi wetu twauacha utiririke mtaroni! Uchanganywe na samadi, urudishwe shambani, kabla mtu hajakwenda dukani.