Chakula cha samaki: tuangalie mafuta iliyo ndani ya mfuko



Samaki wakianza kufa bwawani, tunalaumu maji kwanza. Tunasema maji imechafuka, ao baridi imezidi, ao mtu mubaya ametia sumu. Mara mingi maji iko kweli na shida. Lakini kuna kitu kingine ambacho watu wengi hawaangalie: mfuko wa chakula kwenye depo. Ndani ya ule mfuko kuna mafuta. Ikiwa nzuri, inasaidia samaki kupigana na magonjwa. Ikiwa imeharibika, inamuondolea ile nguvu.

Mafuta si ya kunenepesha tu

Mwili wa samaki, sawa mwili wetu, umejengwa na seli, vyumba vidogo ambavyo macho haiwezi kuona. Ukuta wa kila seli umetengenezwa kwa sehemu kubwa na mafuta. Vipande vinavyounda mafuta vinaitwa asidi za mafuta. Nyingi kati yao samaki anajitengenezea mwenyewe. Lakini kuna za aina mbili ambazo hawezi kuanzisha mwenyewe: omega 6 na omega 3. Lazima azipate katika chakula. Jambo hili lilijulikana kwanza kwa panya. Mwaka wa 1929, George na Mildred Burr huko Marekani walinyima panya mafuta yote. Panya wakaacha kukua na ngozi yao ikaharibika. Nyuma yake watafiti wakaona kwamba samaki pia wanazihitaji.

Kinga inaingia hapa. Tukivua kwa wavu, samaki wanapata vidonda vidogo na vijidudu vinaingia. Seli zinatumia zile asidi zilizo katika ukuta wao kutengeneza ishara za kuita askari wa damu. Ishara zinazotoka kwa omega 6 ni kali: askari wanafika mbio, na mahali pale panavimba. Zile za omega 3 ni za pole, zinatuliza vita kisha kazi kuisha. Samaki anahitaji zote mbili. Juu ya ile, kumimina omega 3 nyingi kupita kiasi si dawa.

Kwa wale wa milimani, kama Kabare na Walungu, kuna jambo la kuongeza. Mnajua kwamba asubuhi ya baridi mawese inaganda ndani ya chupa, lakini mafuta ya soja inabaki maji. Ukuta wa seli pia uko hivyo. Samaki wa maji ya baridi anahitaji mafuta isiyoganda, ili seli zake zifanye kazi.

Tilapia na kambale

Tilapia anahitaji zaidi omega 6: karibu nusu gramu mpaka gramu 1 katika gramu 100 za chakula. Kambale anatafuta omega 6 na omega 3 pamoja. Soja inasaidia wote wawili: karibu nusu ya mafuta yake ni omega 6, na omega 3 iko ndani kidogo. Sambaza na ndakala wanaleta omega 3. Mawese ina omega 6 kidogo, na omega 3 karibu hakuna. Lakini haiharibike mbio, na ile mawese nyekundu ina vitamini E. Kuongeza mawese kidogo ni vizuri, kuitegemea peke yake hapana.

Tilapia wa bwawa ana bahati nyingine: maji ya kijani. Vimelea vidogo vya kijani vilivyo ndani ya maji vina zile asidi. Samaki wa vizimba vya ziwani anategemea zaidi kile tunachomtupia.

Mafuta iliyoharibika

Shida ni hii: omega 3 na omega 6 ndizo zinaharibika mbele ya mafuta nyingine, zikipata hewa, joto na mwanga. Zikiharibika, zinamaliza vitamini E ya samaki, kisha zinashambulia seli zake: maini, damu na nyama. Huko Japani, samaki wa aina ya kapu walilishwa pupa wa nondo wa hariri ambao mafuta yao iliharibika. Migongo yao ikakonda, nyama ikaisha. Vitamini E iliwakinga.

Kwetu hatari iko karibu zaidi. Pumba za mpunga za Ruzizi zinaanza kuharibika tangu mashine inapokoboa. Sambaza aliyekaa miezi kwenye depo ya joto anageuka manjano tumboni na harufu yake inachoma koo. Mfuko kama ule unauzwa bei chini, na koperative inaona imepata faida. Lakini ikipoteza samaki kisha mavuno, ile franga ndogo iliyobaki inakwenda mara kumi.

Tufanye nini?

– Pumba: tununue zilizokobolewa siku ile, za wiki moja ao mbili tu. Tukizikaanga bila mafuta siku ile ile, zinadumu zaidi.
– Sambaza na ndakala: tunuse mbele ya kulipa. Wa manjano wenye harufu kali tuwaache.
– Soja: tuikaange vizuri. Soja mbichi inazuia samaki kumeng'enya chakula.
– Mafuta iliyokaanga mandazi mara mingi tusiweke kabisa.
– Mchanganyiko: tutengeneze wa mwezi mmoja, si zaidi. Tuandike tarehe juu ya mfuko, tuuweke juu ya mbao, mahali pakavu pasipo jua. Wenye ukungu tuutupe.
– Maji: tuingize mkono mpaka kiwiko. Kama vidole vinaonekana vizuri, tuongeze samadi kidogo. Kama mkono unapotea mbele ya kufika kiwiko, tusimamishe samadi.

Mafuta nzuri haichukui nafasi ya maji safi wala ya kupanda samaki kwa kiasi. Lakini kazi hii haiombi pesa mingi. Kwenye mkutano unaokuja, komite ifungue depo mbele ya wanamemba wote, kila mfuko unuswe na tarehe yake isomwe. Mfuko usio na tarehe, ao wenye harufu mbaya, usirudi bwawani.