Kenya kwa Njia ya Reli: Kutoka Buxton hadi Mau Summit

Mtanzania anayeingia Kenya kupitia Horohoro na Lunga Lunga huvuka feri ya Likoni, na mara yumo kisiwani Mombasa. Upande wa mashariki, kwenye barabara iendayo daraja la Nyali, iko Buxton: makondakta wa matatu wanaita abiria, tuktuk zinapenya, na nyumba za zamani za manispaa zimepisha maghorofa mapya. Kutoka hapo, Mji wa Kale ni mwendo wa miguu.

Kisiwa hiki ndicho chanzo cha reli ya Kenya. Enzi za mwanzo wa ukoloni, wenye uwezo walipanda toroli zilizosukumwa na vijana juu ya reli nyembamba, kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Reli kubwa ilianza kutandikwa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu Desemba 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India. Takriban 2,500 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi, na baadhi kwa meno ya simba wa Tsavo.

Pagumu kuliko pote palikuwa ukingo wa Bonde la Ufa, karibu na Kijabe. Ili kazi isisimame wakati njia ya kudumu ikichongwa, wahandisi walitandika reli za muda zilizoteremka moja kwa moja bondeni. Penye mwinamo mkali, behewa lilipakiwa juu ya kibebeo kilichoundwa ili jukwaa lake libaki sawa ingawa mlima umeinama, kisha likafungwa kamba ya waya. Uzito wa behewa linaloshuka ulisaidia kuvuta linalopanda.

Ng'ambo ya bonde reli hupanda tena hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Aliyetoka jasho Mombasa hapa hutafuta koti. Ukungu hufunika mashamba, na kando ya barabara viazi na karoti hupangwa kwa mafungu.

Treni mpya ya abiria kutoka Mombasa, iliyozinduliwa 2017, huishia Nairobi. Aghalabu anayetaka kuiona milima hii hupanda matatu au basi. Wengi hupita bila kushuka.

Mchezo wa jiokeshingi ni sababu nzuri ya kushuka. Mtu huficha kopo lisiloingia maji na kutangaza mtandaoni latitudo na longitudo yake. Wengine hulitafuta kwa simu. Anayelipata huandika jina na tarehe katika kijitabu kilichomo, na akichukua kitu, huacha kingine. Mchezo huu ulianza Mei 3, 2000, jimboni Oregon, Marekani, siku moja baada ya serikali ya nchi hiyo kuacha kupunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Kenya nayo imo kwenye ramani yake.

Aina moja haina kopo kabisa: mchezaji huelekezwa penye funzo la jiolojia, akajibu maswali kwa kuitazama ardhi. Ukingo wa bonde, unaotazamana na volkano ya Longonot, una mafunzo tele. Anayeficha kopo aombe ruhusa ya mwenye ardhi na akae mbali na reli inayotumika.

Kabla ya kupanda milimani, mgeni aanzie Makumbusho ya Reli, Nairobi. Behewa ambamo simba alimuua afisa wa polisi Charles Ryall mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, bado limo.