Kuvua kwa Mshipi Siku ya Mapumziko: Tuungane Kwanza



Wengi wetu wa viwanda vya Jinja na mashamba ya miwa ya Busoga tunaishi karibu na maji. Ziwa Victoria liko hapa, na mto Nile unatoka ziwani hapa hapa Jinja. Hata hivyo samaki tunanunua kwa wachuuzi, na Jumapili tunakaa kambini tukihesabu siku zilizobaki kufika mshahara. Katika mikutano ya matawi wenzetu wametuuliza: je, mfanyakazi anaweza kuvua kwa mshipi, kwa fedha kidogo, bila kugombana na mtu? Tunajibu: anaweza, lakini asiende peke yake.

Tueleze sababu. Mwaka 2017 serikali ilipeleka askari wa jeshi ziwani kupambana na uvuvi haramu, na tangu hapo mtu asiyejulikana akionekana ukingoni huulizwa maswali. Wenzetu watatu wa tawi moja walikwenda na fimbo zao za mwanzi, wakakamatwa pamoja na watu wenye nyavu za macho madogo. Hawakuwa na karatasi yoyote wala mtu wa kuwasemea. Walipoteza siku mbili za kazi, na mshahara wa siku hizo ukakatwa. Walikuwa wamevua ngege wanne tu.

Maji ni ya nani?

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema kwamba serikali inayashika maziwa na mito ya asili kwa amana, kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo ziwa si mali ya tajiri yeyote. Tena kanuni za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka Ziwa Victoria na mita 100 kutoka mto Nile, watu wasijenge wala kulima humo ovyo. Lakini tusidanganyane. Kanuni hizo hazimpi mtu ruhusa ya kukata njia katikati ya shamba la mwenziwe, wala hazifuti sheria ya uvuvi. Njia tuombe, na kibali tuulize.

Jinsi ya kuunda klabu

Kwanza, wakutane watu kama 20 wa tawi moja. Wachague mwenyekiti, mwandishi na mtunza fedha. Majina yote yaandikwe katika daftari.

Pili, wakubaliane ada. Tuseme kila mtu atoe shilingi 2,000 kwa mwezi. Watu 20 watapata 40,000, na baada ya miezi mitatu 120,000. Mtu mmoja hawezi kuzitoa kwa mara moja, lakini wengi wanaweza. Fedha hizo zinunue mishipi, ndoana na chubwi za klabu nzima. Fimbo za mwanzi tutakata wenyewe. Mtunza fedha asome hesabu kila mwezi mbele ya wote.

Tatu, mwenyekiti na mwandishi waende kwa ofisa wa uvuvi wa wilaya. Waeleze kwamba ni wafanyakazi wanaovua kwa mshipi kwa chakula chao, waulize kibali kinachotakiwa na ada yake. Wakilipa wadai risiti. Kisha kila mwanachama apewe kadi yenye jina lake na jina la klabu.

Mahali pa bei nafuu

Mialo ya ziwa ndiyo karibu. Mwone kiongozi wa mwalo kwanza, msiingilie mitumbwi na nyavu za wavuvi. Wao ndio kazi yao, sisi tuko mapumzikoni.

Mto Nile una samaki, lakini una hatari. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na lile la Bujagali lilikamilika mwaka 2012. Chini ya mabwawa haya maji hupanda ghafla yanapofunguliwa. Msikaribie eneo lililokatazwa, wala msisimame juu ya mawe ya katikati.

Wakulima wengine wana mabwawa ya samaki. Klabu ikipatana bei ya kilo kabla ya kuvua, hupata nafuu kuliko mtu mmoja mmoja.

Nne ni mabwawa ya kumwagilia ndani ya shamba la mwajiri. Hapa kamati ya tawi ifanye kazi yake. Kama mwajiri anatoa uwanja wa mpira, kwa nini asitoe ukingo wa bwawa siku ya Jumapili? Jambo hili liwekwe katika madai yetu, na likikubaliwa liandikwe na kutiwa sahihi. Ahadi ya mdomo huondoka na meneja aliyeitoa.

Chambo na usalama

Nyungunyungu wanafaa kwa ngege na kwa kambare, ambaye Waganda humwita male. Kamongo, yule anayeitwa mamba kwa Kiganda, hukaa penye matope na mafunjo. Mputa, yaani sangara, hupenda samaki wadogo walio hai. Mputa asiyefika sentimeta 50 arudishwe majini, ndiyo sheria.

Msiingie majini kwa miguu penye magugu na maji yaliyotulia, maana huko wako konokono wa kichocho. Simameni pakavu. Aliyekwisha kuingia aende zahanati apimwe, dawa ipo.

Msivue kwenye mfereji wa maji machafu ya kiwanda, wala msitumie sumu. Na jambo hili tunalisema kwa nguvu kwa wenzetu wa mashambani: msibebe samaki, chambo wala maji ya kunywa katika madebe yaliyokuwa na dawa ya kuua magugu au wadudu. Kuliosha debe hakuliondolei sumu yote, na watakaokula ni watoto wetu.

Ndugu, samaki watatu wa Jumapili hawaongezi mshahara, na madai ya mshahara yanaendelea pale pale. Lakini watu wanaotunza daftari moja, wakachanga ada na kusomewa hesabu bila ugomvi, wamekwisha kujifunza kazi ya chama. Tawi litakaloanza lituletee habari, ili mengine yajifunze.

Umoja ni nguvu.